Gretzky: mara mbili tu NHL

Wayne Gretzky, gwiji wa hoki ya barafu, alibadilishwa kati ya timu mara mbili tu katika NHL (ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini), si tatu kama wengine wanavyodhani. Agosti 9, 1988 Edmonton Oilers walimpeleka Los Angeles Kings pamoja na wachezaji wenzake McSorley na Krushelnyski, wakapewa Jimmy Carson, Martin Gélinas, nafasi tatu za raundi ya kwanza za kuchagua wachezaji chipukizi na dola milioni 15. Februari 1996 akabadilishwa tena, akaenda St. Louis Blues. New York Rangers alisaini mwenyewe Julai mwaka huohuo akiwa huru, bila mkataba, kwa hiyo haihesabiki. Ile ya 1978, Indianapolis Racers kumuuza Edmonton, ilikuwa WHA, ligi nyingine, si NHL.

Ukimweka kwenye ligi ya kubuni ya magwiji, msimu wa 1995-96 jumlisha mistari miwili ya takwimu zake: mechi 62 Kings, 18 Blues.