Bango langu kongamanoni

SWALI: Shangazi, mimi ni muuguzi hapa Lamu. Bango langu kuhusu mbu wa kwenye mabirika, yale matangi ya maji ya majumbani, limekubaliwa katika kongamano la afya ya jamii, Nairobi. Naogopa kusimama mbele ya watafiti. Niwaambie nini? – Muuguzi, Langoni

JIBU: Hongera, mwanangu. Anza na 2004, chikungunya, ile homa inayoenezwa na mbu, ilipotukumba Lamu. Mwaka uliofuata ikazuka Komoro. Huku kwetu ulikuwa ukame, maji yakawekwa majumbani, na mbu aina ya Aedes huzaliana humo humo. Hayo watafiti wameyasoma. Lakini ni wangapi waliowahi kuchungulia birika la Lamu? Waonyeshe lile giza, kuta za chokaa, na vile visamaki tunavyovifuga ili vimeze viluwiluwi vya mbu. Ujuzi huo ni wako, usiuombee radhi.

Mimi bango langu la kwanza nililijaza maandishi hadi pembeni. Watu walipita tu. Weka picha moja kubwa, na herufi zisomeke kwa hatua mbili. Wakati wa chai usijitenge. Kaa na wauguzi wa kaunti nyingine, uwaulize wao maji huyaweka wapi.

Na lichapishe kwenye kitambaa. Karatasi hulowa kwenye boti kabla hujafika Mokowe, gati ya bara.