Pistoni ya chensoo isiyo na namba

Kaka, umeuliza utajuaje pistoni yako isiyo na namba ni ya chensoo ipi: loweka kwanza kichwa chake kwenye dizeli, usugue masizi kwa mswaki mkavu. Mara nyingi alama imejificha humo. Ikiwa kweli ni tupu, pima kipenyo kwa venia (kipimo cha taya cha milimita), chini kwenye sketi, yaani ukuta wa chini wa pistoni, si juu karibu na ringi (pete za pistoni), maana juu huwa pembamba kidogo. Kwa kuwa unasema imetoka kwenye Stihl kubwa za zamani, kazi ni nyepesi: ikikaribia milimita 58 ni ya modeli ya 070, ikikaribia 66 ni ya 090. Kranki (shafti inayoisukuma pistoni) haikusaidii kuzitofautisha, safari ya pistoni, yaani umbali inaopanda na kushuka, ni milimita 40 kwa zote mbili. Na ukiifunga, vile vijipini vya kuzuia ringi visielekee tundu la ekzosti (la kutolea moshi), la sivyo ringi itanasa.