Ukitaka Kulinganisha Akira, Funga Daftari Kwanza

"Kaka, nimesoma juzuu zote sita za Akira, ile katuni ya Kijapani, na filamu yake nimeitazama mara mbili. Nataka kuandika ulinganisho. Nianzie wapi?"

Ujumbe huo uliniingia Jumanne nikiwa kwenye matatu iliyokwama Globe, Nairobi. Nilicheka peke yangu hadi kondakta akanikodolea macho.

Miaka mitatu iliyopita nilisimama mbele ya watu kama thelathini kwenye ukumbi fulani Westlands, mkononi daftari lenye tofauti 43 kati ya kitabu na filamu. Nikaanza kuzisoma. Kitabuni Akira ni mtoto aliye hai, kalazwa kwenye baridi kali chini ya ardhi hadi anapoamshwa. Kwenye filamu kabaki vipande ndani ya chupa. Kitabuni Bi Miyako, yule kuhani, ni nguzo ya hadithi. Kwenye filamu anapita kama abiria. Nilipofika ya 19, mwenye shughuli akanikata mbele ya wote: "Ndugu, hiyo ni orodha ya duka." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nisiwadanganye, bado kinaniuma. Alisema kweli, lakini angeweza kuniita kando.

Nilikuwa nimeichukulia filamu kama kitabu kilichonyofolewa kurasa. Katsuhiro Otomo alianza kuichora Akira mwaka 1982, akaimaliza 1990. Filamu aliiongoza yeye mwenyewe, ikatoka 1988, hadithi kitabuni ikiwa bado haijaisha. Kurasa zaidi ya 2,000 kwa dakika 124! Kumuuliza mbona kaacha hiki na kile ni kumlaumu mtu wa mkokoteni kwamba hakuhamisha na kuta za nyumba.

Kwa hiyo, mdogo wangu, funga daftari. Chagua tukio moja tu ukae nalo.

Mimi nilichagua mji unavyoangamia. Mwishoni mwa juzuu ya tatu, niliyoinunua kando ya barabara ikiwa na doa la chai kwenye jalada, Neo-Tokyo, mji wa hadithi hiyo, inabomoka ukurasa baada ya ukurasa, karibu bila neno. Maghorofa yanapinda, vioo vinamwagika, na mwenye kuamua lini karatasi igeuzwe ni wewe. Kuna ukurasa mmoja niliukazia macho tangu Ngara hadi Kasarani. Na baada ya hapo zimebaki juzuu tatu nzima za watu wanaogombania kifusi. Filamu imeuhifadhi uharibifu huo hadi karibu na mwisho, na haikungoji: mwanga mweupe unameza mji, umekwisha. Ila ina yake ambayo karatasi haiwezi. Zile taa za nyuma za pikipiki zinazoburuta michirizi myekundu gizani, ngoma na sauti za kundi la muziki la Geinoh Yamashirogumi zikikupiga kifuani, utazichora kwa wino gani?

Tukio moja, basi. Nasema tena kwa sababu najua hamtasikia. Vijana mnapenda kuhesabu kwa kuwa kuhesabu hakuhitaji uamuzi. Kaa na tukio moja, ujiulize ni nani ameshika saa, msomaji au mwongozaji.

Mwezi uliopita nilialikwa tena ukumbi ule ule. Nilizungumza dakika 40 kuhusu kurasa hizo za kubomoka tu, na hakuna aliyecheka. Aliyenipigia simu kunialika ni yule yule wa orodha ya duka. Sikumkumbusha.

Na wewe uliyeazima juzuu yangu ya nne siku hiyo, unajijua. Naisubiri.