Anza na khichdi, pilipili baadaye

Dada, kama hao watoto wako wa miaka 4 na 7 unaotaka waonje mapishi ya Kihindi wanakimbia pilipili, achana na biriani kwanza. Anza na khichdi, ndiyo wanayolishwa watoto wadogo katika nyumba nyingi India: mchele na choroko za kupaaza, kikombe kwa kikombe, manjano nusu kijiko cha chai, chumvi, maji vikombe 6 hivi, unaacha hadi irojeke. Ladha inakuja mwishoni. Pasha samli, tupia bizari nyembamba. Mbegu zikianza kupasukapasuka na kunukia, mwagia juu. Ile "chwaa!" watoto wanaipenda kuliko chakula chenyewe (wakae mbali tu, samli inaruka). Pilipili kaangia pembeni, ya wakubwa.

Huyo wa miaka 7 mpe donge la unga wa atta (ngano isiyokobolewa) asukume roti, yaani chapati ya Kihindi. Ikitoka ramani ya Afrika, ichome hivyo hivyo kwenye chuma kikavu, ataila kwa sababu ni yake. Mtindi usikose mezani, unapoza ulimi kuliko maji. Karela, lile tunda chungu la kupikwa kama mboga, usiguse mwaka huu, hata mimi bado inanishinda.