Kachomwa na sindano wodini: aseme au anyamaze?

SWALI: Binti yangu anasomea utabibu hapa Mombasa, yuko kwenye mazoezi ya wodini. Jana alijichoma na sindano iliyotumika. Anaogopa kusema asije akaonekana mzembe. Afanyeje?
Mama Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Mama, aseme leo hii, kabla hata ya kumaliza kusoma jibu hili. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Humezwa siku 28 mfululizo; wengi huziacha njiani kwa sababu ya kichefuchefu.

Amweleze muuguzi msimamizi na mwalimu wake, tukio liandikwe: saa, sindano ya aina gani, ilitoka kwa mgonjwa yupi. Mgonjwa huyo ataombwa ridhaa apimwe virusi vya Ukimwi na homa ya ini B na C. Binti naye apimwe, kisha arudie baadaye kwa tarehe atakazopewa.

Siku nyingine, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asilikamue, wala asitie jiki.

Mara nyingi kosa ni kurudishia sindano kifuniko. Itupwe moja kwa moja kwenye sanduku lake, na sanduku lifungwe likijaa robo tatu. Likifurika, ndipo vidole huchomwa.

Je, alichanjwa homa ya ini B? Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ilipaswa kuanzwa kabla ya kuingia wodini.