Pauni 146 za singo molti: jinsi nilivyojipiga mwenyewe

Juzi msomaji mmoja wa Nairobi kaniandikia: "Kaka, Desemba tunaenda kwa wakwe kupeleka mahari. Ndugu yangu anatoka London wiki hiyohiyo. Nimwambie abebe singo molti gani ya maana, isinimalize? Mzee anajua vitu." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya, na nikalipa kwa hela za zamu za usiku.

Naishi Glasgow mwaka wa kumi na moja sasa. Nilikuja huku mtu wa bia. Aliyenibadilisha ni mzee mmoja wa Kiskoti niliyekuwa namhudumia kazini, akanieleza kwa subira ya mwalimu wa darasa la kwanza kwamba singo molti ni wiski ya kimea cha shayiri kitupu, ya kiwanda kimoja, iliyolala kwenye pipa la mwaloni humuhumu Uskoti si chini ya miaka 3. Basi. Hayo mengine, aliniambia, ni maneno ya watu wa matangazo. Ningemsikiliza vizuri siku ile ningekuwa na gari zuri zaidi leo.

Mwaka 2022 makundi yote ya WhatsApp ya wapenzi wa wiski niliyokuwemo yalikuwa yamechanganyikiwa. Kulikuwa na chupa ya miaka 10 kutoka kiwanda kidogo, siitaji, iliyokuwa ikililiwa na kila mtu. Dukani bei yake ilikuwa kama pauni 55, ila dukani haikuwepo. Ikiletwa asubuhi, adhuhuri hakuna. Nikaingia mnada wa mtandaoni. Nikajiapiza sipiti pauni 80.

Dakika kumi za mwisho zilinikuta kwenye basi, nimetoka zamu, macho mekundu, na kuna mtu nisiyemjua ananipandia kila nikipanda. Themanini. Tisini. Mia. Saa hizo huwazi tena wiski, unawaza yule mtu. Nikashinda kwa 120, nikapiga ngumi kiti cha mbele hadi mama wa watu akageuka. Kisha ukafunguka ukurasa wa malipo: kamisheni ya mnada, VAT juu ya kamisheni, na nauli ya kuletewa. Pauni 146 na senti zake.

Mama watoto alipoiona risiti hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hii ni ya kutengeneza gari?"

Miezi kumi na minane baadaye chupa ileile, lebo ileile, iliuzwa kwenye mnada uleule kwa pauni 70. Bei za minada zilifika kileleni karibu na mwaka ule wa 2022, halafu zikaanza kuteremka, nami nilikuwa nimepandia kileleni kabisa. Watasema pesa huja na kuondoka. Za kwangu ziliondoka tu. Na ladha? Nzuri, sikatai. Lakini nilipokuwa nainywa nilikuwa nahesabu: huu mfuniko ni pauni tano, huu mwingine tano. Kinywaji cha namna hiyo hakishuki vizuri.

Sasa, tusidanganyane kwamba ghali yote ni ujinga wa wanunuzi. Serikali ya Uingereza ilipandisha ushuru wa pombe kali kwa asilimia 10.1 Agosti 2023, na Februari 2025 ukapanda tena hadi pauni 32.79 kwa kila lita ya alkoholi tupu. Chupa ya kawaida ya sentilita 70 yenye nguvu ya asilimia 40 ina lita 0.28 ya alkoholi, kwa hiyo kwa kiwango hicho ushuru pekee ni pauni 9.18. Juu yake VAT ya asilimia 20, ambayo inatozwa hata kwenye huo ushuru. Chukua chupa ya pauni 30: pauni 5 ni VAT, 9.18 ushuru. Karibu nusu ya pesa yako haijawahi kuiona shayiri.

Huku Uskoti kuna jambo la ziada. Tangu Septemba 2024 sheria ya bei ya chini inasema chupa kama hiyo haiwezi kuuzwa chini ya pauni 18.20, na tangu 2011 duka haliruhusiwi kukupunguzia kwa sababu umechukua nyingi. Kwa hiyo wewe wa London, ukiona punguzo la "nunua mbili", ujue ndugu yako wa Glasgow halioni.

Lakini kodi ya chupa ya pauni 30 na ya chupa ya pauni 90 yenye nguvu sawa inatofautiana VAT tu. Zilizobaki unalipia nini? Miaka, kweli, pipa likilala, kama asilimia 2 hivi huyeyuka hewani kila mwaka, na mwenye ghala hawezi kuuza hewa. Zaidi ya hapo unalipia jina, sanduku, na picha ya paa mwenye mapembe.

Nilijifunza hilo Deanston, kiwanda cha wiski. Ni treni hadi Stirling, basi hadi Doune, halafu miguu kidogo. Nilienda siku ya mapumziko nikiwa bado na kinyongo cha mnada, nikitafuta, nadhani, mtu wa kunionea huruma. Kiwanda chenyewe hakina sura ya kalenda. Jengo lilikuwa kinu cha pamba tangu 1785, wiski ilianza miaka ya 1960 tu. Mapipa yamelala ndani ya banda la zamani la wafumaji, chini ya dari za matao, na maji ya mto Teith bado yanazalisha umeme wao. Nikaonja ile ya miaka 12. Asali, nta, kama mtu amefunua mzinga kando yako. Nikaitafuta nyumbani, nikaipata kwa chini ya pauni 40. Nilikasirika kuliko nilivyofurahi.

Tangu siku hiyo nasoma lebo kama mkataba wa nyumba. Natafuta namba 46 kwanza, yaani nguvu ya asilimia 46. Wiski ya asilimia 40 ikipozwa huweza kufanya ukungu, na ukungu hauuziki, basi kampuni nyingi huichuja kwa baridi na kuondoa mafuta yaliyokuwa na ladha. Kuanzia 46 hivi hawana haja hiyo, na wengi wao huandika kabisa kwamba haijachujwa. Pili natafuta maneno "rangi asilia", kwa sababu sheria inaruhusu karameli, na weusi wa wiski si ukomavu, ni kama kanzu ya kukodi. Namba ya miaka nayo ni ya wiski changa kuliko zote mle ndani, si wastani.

Deanston ya miaka 12 ni 46.3. Tobermory, kisiwa cha Mull, wanatoa yenye ladha ya moshi iitwayo Ledaig, miaka 10, 46.3. Bunnahabhain ya miaka 12, kisiwa cha Islay, 46.3. Viwanda vitatu, mmiliki mmoja. Halafu angalia ipi ina bei kubwa zaidi, mara nyingi ni ya Islay, kwa sababu neno Islay lenyewe linauzwa. Hapo ndipo ninapopendekeza watu wapite kando: Glencadam ya miaka 10, Loch Lomond ya 12, Arran ya 10, zote 46, zote nimezipata kati ya pauni 30 na 45 kutegemea wiki. Ukitaka moshi wa Islay bila bei ya Islay, tazama Finlaggan, ambayo haitaji kiwanda kilichoitengeneza. Lidl na Aldi, yale maduka makubwa ya bei nafuu, wana singo molti zao za namna hiyohiyo pia. Wapo wanaozibeza, nami nimewahi kuwamiminia haohao kwenye glasi bila kuwaonyesha chupa. Nisiseme zaidi, wengine wanasoma hapa.

Muda nao ni pesa. Wiki za kabla ya Krismasi, siku za kabla ya Burns Night, sikukuu ya mshairi wa Kiskoti Robert Burns, tarehe 25 Januari, na Juni kabla ya Siku ya Akina Baba, maduka makubwa hushusha bei. Mimi hununua wakati huo za mwaka mzima, kisha nafunga masikio.

Ndugu zangu, masikio ndiyo shida yetu. Tunatoka mbali, tunatuma pesa nyumbani, halafu tunashindana na mtu asiye na sura saa tano usiku kwa chupa ambayo hata hatujaionja. Soma lebo. Jiwekee kikomo na ukiandike kwenye karatasi, si kichwani, kichwa kinajadiliana. Ikiisha, imeisha. Soma lebo.

Kwa ndugu wa mahari: mwambie kaka yako abebe Deanston ya miaka 12. Abebe moja. Forodha ya kwetu inamruhusu msafiri lita moja ya pombe kali bila ushuru, akibeba mbili za sentilita 70 amepita. Asinunue uwanja wa ndege kabla ya kulinganisha na bei ya duka la mjini, maana kule mara nyingi utakuta chupa za lita zisizo na umri, zimevalishwa masanduku. Sanduku mzee hatalinywa.

Na akimimina soda ya tangawizi ndani, wewe nyamaza. Ni mkwe wako.