Shaba ipi?

Yaya, umeuliza kwa nini kitabu cha sayansi cha mtoto kinasema shaba ni madini, cha historia kinasema ni jimbo, halafu redioni ni medali. Zote tatu ni sawa, inategemea nani anasema.

Kwa mkemia ni elementi moja tu: alama Cu, namba 29, inayeyuka kwenye nyuzi 1,085 hivi. Ndiyo hii inayochimbwa kwetu, ile wazee wa hapa Lubumbashi wanaiita mukuba. Misalaba ya zamani iliyokuwa pesa ya Katanga iliyeyushwa kutokana nayo.

Penye fujo ni historia. Shaba yenye herufi kubwa ni Katanga yenyewe, jimbo la zamani la Kongo: Rais Mobutu alibadili jina 1971, Katanga ikarudi 1997. Kwa hiyo "Vita vya Shaba" vya 1977 na 1978 vimepata jina kwa jimbo, si kwa madini yaliyomo ardhini (ingawa waasi walioshambulia Kolwezi 1978, mji wa migodi, hawakuichagua kwa uzuri wa hewa yake). Walimu wengi wanaruka hapo bila kueleza, ndiyo maana watoto wanapotea.

Medali ya mshindi wa tatu? Kwa desturi ni shaba iliyochanganywa na bati. Mkemia atanung'unika, mtangazaji wa michezo hana wakati huo. Ukiweka zinki badala ya bati, unapata shaba ya manjano, ya tarumbeta za fanfari.

Kwenye mtihani, mtoto aangalie kwanza somo lililoandikwa juu ya karatasi.